Blue Book: kadi za IBM na visahani vya angani

Ukitaja UFO, yaani vyombo visivyotambulika angani, watu wengi hukimbilia viumbe wa sayari nyingine. Mimi hukimbilia data. Hakuna kiumbe wa kijani hapa leo, samahanini.

Juni 24, 1947, rubani Kenneth Arnold aliripoti vitu tisa vikienda kasi karibu na Mlima Rainier, Marekani. Magazeti yakaviita visahani, na ripoti zikafurika. Hofu kubwa wakati ule ilikuwa Mrusi. Jeshi la Wanahewa la Marekani likaanzisha mradi wa Sign, ukafuatwa na Grudge, na mwaka 1952 ukaja Blue Book chini ya Kapteni Edward Ruppelt, katika kambi ya Wright-Patterson, Ohio.

Ruppelt alikuwa mhandisi. Alitaka ripoti zifanane ili zihesabike, basi ikatengenezwa fomu moja ya maswali, na kazi ya takwimu ikapewa taasisi ya Battelle mjini Columbus. Hapa ndipo mambo yananoga. Battelle walichukua ripoti zipatazo 3,200 za miaka ya 1947 hadi 1952 na kuzitia kwenye kadi za IBM za kutoboa: rangi, umbo, kasi, idadi, mwangaza, muda wa kuonekana. Kwa lugha yetu, kila kadi ni safu moja ya hifadhidata.

Masharti yao yalikuwa makali. Wachambuzi wawili wakikubaliana kuwa ni puto au nyota, kesi imekwisha. Lakini kuiita "haijulikani" kulihitaji wote wanne wakubaliane. Ripoti zenye habari chache ziliwekwa kando kabisa, katika kundi lake.

Pamoja na hayo, kama moja kwa tano zilibaki hazijulikani. Tena, ungetarajia fumbo lipungue kadiri shahidi anavyokuwa mzuri. Wapi! Miongoni mwa ripoti bora kabisa, takriban theluthi hazikujulikana. Miongoni mwa zile mbovu, chini ya robo.

Oktoba 1955 ripoti ilipotolewa, wakubwa walisisitiza namba nyingine: asilimia 3, ya miezi michache tu ya mwaka 1955. Ilipunguaje hivyo? Sehemu ya jibu ni lebo. Kesi iliyoandikwa "huenda ni puto" ilihesabiwa mwishoni kama puto. Waandishi wa programu mnaijua tabia hii: hitilafu inafungwa kwenye orodha, mteja bado analia.

Hata safu ya "zinazojulikana" ina walakini. Mwaka 1997 CIA ilichapisha makala ya historia iliyodai kuwa zaidi ya nusu ya ripoti za mwisho wa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege zake za kijasusi, hasa U-2, iliyopaa juu ya futi 60,000 wakati ndege za abiria zikiwa chini kabisa. Wapo wanaosema makadirio hayo yamezidishwa. Lakini kama ni kweli hata kwa sehemu tu, baadhi ya majibu waliyopewa wananchi yaliandikwa kwa kujua kuwa si ya kweli.

Machi 1966 mnajimu wa mradi, J. Allen Hynek, alieleza taa zilizoonekana Michigan kuwa huenda ni gesi ya kinamasi. Watu walicheka, kisha wakakasirika; mbunge wa Michigan, Gerald Ford, akadai Bunge lichunguze. Chuo Kikuu cha Colorado kikapewa kazi chini ya Edward Condon, ambaye aliona hakuna faida ya kisayansi kuendelea, ingawa ndani ya ripoti yake mwenyewe kesi kadhaa hazikupata maelezo. Desemba 1969 Blue Book ikafungwa.

Hesabu ya mwisho: ripoti 12,618, zisizojulikana 701, yaani asilimia 5.6. Mimi siamini kuwa 701 hizo ni wageni kutoka Mars. Ila namba yenyewe siitegemei, kwa juu wala kwa chini. Mafaili yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, majina ya mashahidi yakiwa yamefutwa, na yeyote mwenye subira anaweza kuanza kuyapanga upya.