Kanda la Usufi

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya reli ya Kigoma. Nyumba yetu ilikuwa Ujiji, mwendo wa maili tano hivi, na kwa muda wa miaka ishirini na minne alikwenda kazini na kurudi kwa baiskeli. Ilikuwa Raleigh nyeusi, aliyoinunua mwaka 1958, mwaka niliozaliwa mimi, katika duka la Mhindi. Asubuhi aliondoka na mkoba wa karatasi zake. Jioni alirudi na dumu la mawese au gunia la muhogo kwenye keria, amelifunga kwa vipande vya tyubu iliyochakaa. Kutoka stesheni barabara hupanda kuelekea Mwanga, na pale alishuka akaisukuma. Sisi watoto tulipomlaki na kumwuliza mbona amechelewa, alikuwa na jibu moja tu: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Yaani mzigo ulio kichwani pa mwingine huuona mwepesi, kama kwamba ni mfuko uliojazwa sufi za godoro.

Methali hiyo niliisikia mara nyingi kabla sijaielewa. Nimekuja kuielewa uzeeni, tena mbali na Ujiji, juu ya baiskeli isiyohitaji kusukumwa.

Nilifika Uholanzi mwaka 1989 kwa masomo, nikapata kazi katika maabara ya hospitali mjini Utrecht, nikaoa, nikabaki. Makazi yetu ni Houten, mji mdogo ulio kusini ya Utrecht, ambao hadi miaka ya 1970 ulikuwa kijiji. Walioupanua waliamua kwamba njia za baiskeli zipite katikati moja kwa moja, na magari ndiyo yazunguke kwa barabara ya nje. Nchi nzima ilikuwa imeanza kufikiri hivyo. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikuwa wamekufa kwa ajali za barabarani, mamia kati yao wakiwa watoto, na wazazi wakaingia mitaani kulalamika. Kisha mwaka 1973 mafuta yakawa haba, na Jumapili kadhaa magari yakapigwa marufuku. Watu wakaona barabara tupu, wakaipenda.

Kutoka nyumbani hadi hospitali ni kilometa 11. Nchi ile ni tambarare kama meza, lakini mtu asidanganyike: kilima cha Mholanzi ni upepo. Ukitoka Houten kwenda Utrecht unavuka daraja la mfereji mkubwa, na siku za Novemba upepo wa pale juu humzuia mtu kama mkono wa askari. Nilivumilia kwa miaka mingi kwa baiskeli ya kawaida, mpaka goti la kulia likakataa. Mwaka 2014, nikiwa na umri wa miaka 56, nilinunua baiskeli ya umeme.

Jamaa wa nyumbani hudhani hiyo ni pikipiki ndogo. Sivyo. Mota imefichwa pale pedali zinapozungukia, na ndani yake kuna kipimo kinachohisi nguvu ya mguu. Ukikanyaga, nayo hukanyaga pamoja nawe. Ukiacha, nayo huacha. Sheria ya Ulaya inaweka kikomo cha wati 250, na mwendo ukifika kilometa 25 kwa saa mota hukoma kukusaidia, ukabaki na miguu yako. Baiskeli nzima ina uzito wa kilo 24, nzito kuliko ile Raleigh ya baba, lakini aliyeipanda hana habari. Siku ya kwanza nilipopanda daraja lile dhidi ya upepo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilikwenda nayo kazini kwa miaka kumi na moja, hadi nilipostaafu mwaka 2025. Nikihesabu siku mia mbili kwa mwaka, zinapatikana kilometa zaidi ya 48,000, na mzingo wa dunia ni 40,000 tu. Nimejifunza mengi. Cheni huisha upesi, kwa kuwa huvutwa na mguu pamoja na mota. Nimebadilisha kumi na tatu. Betri haipendi baridi: ile iliyonipeleka kilometa 70 wakati wa joto, Januari haikuzidi 50, kwa hiyo wakati wa baridi nililala nayo ndani kama kuku wa kuatamia. Umeme wa kuijaza ulikuwa wa senti chache tu. Goti likapona kiasi cha kunisahaulisha kwamba liliwahi kuuma. Katika miaka hiyo yote sikumbuki hata mara moja kujiuliza wepesi ule umetoka wapi.

Chombo chenyewe si kipya kama watu wanavyodhani. Mwaka 1881, mjini Paris, fundi Gustave Trouvé aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa umeme wa betri. Tarehe 31 Desemba 1895, Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Kilichokosekana kwa miaka mia moja ni betri nyepesi, kwani zile za risasi zilikuwa mzigo juu ya mzigo. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba mchanganyiko wa lithiamu na kobalti unaweza kuhifadhi umeme mwingi katika kitu kidogo. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za lithiamu, na miaka miwili baadaye kampuni ya Yamaha ikatoa Japani baiskeli iliyosaidia mguu wa mpandaji. Mambo hayo mawili yalipokutana, wazee kama mimi tukarudishiwa magoti yetu.

Betri yangu ya kwanza ilikufa mwaka 2020. Niliichukua kazini siku moja ili jioni niipitishe dukani, nikaiweka mezani katika chumba cha chai. Pale kazini alikuwepo kijana mmoja wa usafi, mzaliwa wa Kolwezi, ambaye tulizoea kuzungumza Kiswahili, yeye chake cha Kongo na mimi changu cha Ujiji. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaipima kama mtu anayepima samaki sokoni.

"Mzee," akasema, "mule iko bulongo ya kwetu."

Bulongo ndio udongo. Nilimwuliza ana maana gani, akanieleza pale pale, chai ikapoa. Kobalti iliyo katika betri za namna ile, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani kote, hutoka Kongo, katika nchi ya kwao. Sehemu kubwa huchimbwa kwa mitambo ya makampuni. Lakini wapo pia wanaochimba kwa mikono, kwa sururu na tochi, katika mashimo yasiyo na nguzo. Kaka yake alikuwa mmoja wao. Shimo lilimfunika mwaka 2011 wakati wa mvua, na hawakumtoa. Aliyasema hayo bila kunilaumu, akairudisha betri mezani. "Ni mwepesi tu," akasema.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba habari hii ilikwisha kutokea mara moja, kwa baiskeli hiyo hiyo na nchi hiyo hiyo.

Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, ya namna aliyokuwa nayo baba, ilitoka Coventry mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley. Ilikuwa na tairi za mpira mgumu, na juu ya mawe ya barabara ilimtikisa mtu mifupa yote. Mwaka 1888 John Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alitengeneza tairi yenye upepo ndani kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Basi wepesi ukaingia ghafla. Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli, viwanda vikatafuta mpira kila pembe, na mpira siku zile ulitoka porini. Mbegu za miti ya mpira zilikuwa zimepelekwa Asia tangu mwaka 1876 na miaka iliyofuata, lakini mashamba makubwa yalikuwa bado. Aliyekuwa na misitu yenye mpira wa porini, na watu wa kuwalazimisha kuugema, angevuna mali kwa miaka ile michache.

Mtu huyo alikuwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ambaye tangu mwaka 1885 aliimiliki Kongo kama mtu amilikivyo shamba lake. Mtoto wa Ujiji hawezi kupita hapa bila kusimama. Aliyemtangulia Leopold kule, akatia saini mikataba na machifu na kujenga vituo, ni Henry Morton Stanley, yule yule aliyemkuta Livingstone kwetu mwaka 1871. Ukumbusho wa kukutana kwao uko pale kwenye miembe, na utotoni tulichezea kivuli chake. Shuleni tulifundishwa kukutana kwao. Yaliyofuata hatukuyafundishwa. Wala sisi wenyewe hatuna mikono safi, kwani misafara ya pembe na watumwa iliyokipeleka Kiswahili hadi Kongo ilipita Ujiji.

Kila kijiji kilipangiwa kilo zake za mpira. Wanaume waliingia msituni kugema utomvu wa mitambaazi, na wake zao wakafungwa kama rehani mpaka mpira uletwe. Waliopungukiwa walichapwa viboko au kupigwa risasi, na askari walikata mikono ya waliouawa, na mara nyingine ya walio hai, ili kuthibitisha kwamba risasi haikupotea bure. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha mtu aitwaye Nsala, amekaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo vilivyowekwa sakafuni mbele yake. Nimeitazama picha hiyo mara moja, nami sihitaji kuitazama tena.

Haki haitaki nikuze mambo. Mpira ule haukwenda kwenye baiskeli peke yake. Ulikwenda kwenye nyaya, mabomba, na baadaye magari. Tairi za baba pia hazikuwa za Kongo, maana hadi mwaka 1958 mpira wa porini ulikuwa umekwisha kushindwa zamani na ule wa mashamba ya Asia. Lakini wepesi wa baiskeli ulikuwa mmoja wa waliobisha hodi mwanzo.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni namna ukweli ulivyojulikana. Edmund Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool iliyobeba mizigo ya Kongo. Katika vitabu vya hesabu aliona kwamba meli zinarudi Ulaya zimejaa mpira na pembe, nazo zinakwenda Kongo na bunduki na risasi, pasipo bidhaa za kuulipia mpira ule. Akajua kuwa watu hawalipwi. Alitambua utumwa kwa kusoma uzito wa mizigo. Aliacha kazi akaanza kuandika, balozi mdogo Roger Casement akaenda kushuhudia, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1904. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachilia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Mashamba ya Asia nayo yakaanza kutoa mpira rahisi. Kwa hiyo mateso yalipunguzwa na mambo mawili, watu waliokataa kunyamaza na kupatikana kwa mpira mahali pengine. Hata huko Asia wapo waliobeba, yaani vibarua wa Kitamil waliovushwa bahari kwenda kugema miti ya Malaya.

Leo mambo hayo mawili yanaonekana tena. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na wenzao wa Kongo, lilitoa taarifa juu ya wachimbaji wa kobalti, wakiwamo watoto, na makampuni makubwa yakaulizwa maswali hadharani. Zimeenea pia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti kabisa. Na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 imezitambua betri za baiskeli kuwa kundi la peke yake, na kuagiza zikusanywe ili madini yake yatumike tena. Hayo ni mema. Lakini mtu wa Kolwezi anayeishi kwa sururu akisikia kwamba kobalti haitakiwi tena, hajui ashangilie au alie, maana hajapewa kazi nyingine.

Ile betri niliirudisha dukani, nikanunua nyingine, nikaendelea kupanda hadi siku ya mwisho ya kazi. Sioni aibu kusema hivyo. Gari lingekuwa na betri na mpira zaidi, na goti langu lisingekubali njia ya tatu. Vijana wakiniuliza kama wanunue baiskeli ya umeme, nawaambia wanunue, waitunze, waitumie mpaka ichakae, na betri wasiitupe. Kisha nawasimulia habari ya kaka wa yule kijana. Wengine husikiliza, wengine hutazama saa.

Nikiwa mdogo niliona kazi ya baba ni ndogo. Hakuendesha garimoshi wala hakubeba gunia. Alikaa na kalamu akiandika kilo. Sasa najua kwamba pale stesheni pote yeye ndiye aliyejua uzito wa kila mzigo, umetoka kwa nani na unakwenda kwa nani. Kurasa hizi nimeziandika kwa kazi hiyo hiyo ya ukarani. Betri yangu ilikuwa na uzito wa kilo mbili na nusu, ilitoka Kongo, ikafika Houten. Huo ndio uzito uliosomeka kwenye mizani.