Filamu zinazovunja kanuni za usimulizi

MTAZAMAJI aliyezoea filamu za Hollywood au za Nigeria hutarajia shujaa, mgogoro na suluhu. Zipo hata hivyo filamu zinazokiuka utaratibu huo makusudi: matukio hayafuatani, wakati husimama, na mambo hutokea jinsi yatokeavyo ndotoni. Mfano unaotajwa sana ni Un Chien Andalou (1929) ya Luis Buñuel na Salvador Dalí, ambao walikubaliana kuitupa kila taswira iliyoweza kuelezeka kwa mantiki.

Turkana nako kumewahi kufanyiwa majaribio, ingawa ya namna nyingine. David na Judith MacDougall walipiga picha huko mwaka 1973 na 1974, wakatoa filamu tatu, mojawapo The Wedding Camels. Hizo si za kindoto hata kidogo, lakini hazina msimulizi ajuaye yote. Wahusika husema Kiturkana, tafsiri huandikwa chini, na mabishano ya mahari huendelea bila mtazamaji kuambiwa nani mkweli.

Iliyo karibu zaidi na ndoto ni Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya, iliyotuzwa na wahakiki katika tamasha la Toronto mwaka huo huo. Kaleche anajikuta nyikani, hakumbuki lolote. Anafika kwenye hoteli ya watalii, na Thoma anamfahamisha kwamba amekwisha kufa. Hapo si mbinguni wala si jehanamu. Filamu haina haraka ya kueleza, na kwa maoni yangu huo ndio mvuto wake: majuto ya mtu hayaji kwa mpangilio, basi kwa nini sinema iyapange?

Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar na kitongoji chake cha Nawoitorong, hali hiyo haihitaji ufafanuzi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa wanalea watoto humo humo. Hawako kwao, wala hawajafika waendako. Hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho haiwatoshi, kwani wao wamebakizwa kati.

Shirika la FilmAid lilianza kuwaonyesha filamu mwaka 2001, usiku, uwanjani, kwenye skrini kubwa. Nyingine zilikuwa za burudani, nyingine za mafunzo kuhusu afya. Katika kambi yenye lugha nyingi kiasi hicho, filamu inayotegemea taswira kuliko mazungumzo ingekuwa na watazamaji wake, japo wafadhili, kama ilivyo ada yao, hupenda zaidi yenye funzo.