Zamani Haikuwa Kijivu

Ukijenga Beit al-Ajaib ndani ya Minecraft, kama ninavyojenga mimi siku hizi, lazima wazo hili likujie: nizime rangi? Picha za kale za Unguja tunazozijua ni nyeusi na nyeupe. Basi gemu nayo ikigeuzwa hivyo, si ndo tumerudi enzi za Sayyid Barghash, aliyeijenga nyumba ile mwaka 1883?

Kuzima rangi wenyewe ni rahisi. Toleo la 1.7 la mwaka 2013 lilikuja na kitufe cha mipangilio ya siri, na kukibonyeza mara kadhaa kungeweza kukufutia rangi zote. Mwaka 2016, toleo la 1.9 likakiondoa, lakini watu bado wanatumia sheda.

Shida ni hiki kijivu chenyewe. Kila nukta ya skrini ina nyekundu, kijani na bluu. Kanuni inayotumika sana huchukua kama asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kwa kulifuata jicho la binadamu.

Kamera za zamani zile hazikuwa na jicho letu. Sahani zao za kioo ziliishika bluu haraka, ila nyekundu karibu hazikuiona kabisa. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba ukizitia dawa ya rangi zinaanza kuona zaidi, lakini sahani zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa 1906.

Sasa fikiria: bendera ya usultani ilikuwa nyekundu tupu. Kwenye sahani za wakati ule ingetoka nyeusi, na anga la bluu lingetoka kama karatasi. Nikajaribu: nikaiambia sheda itumie bluu peke yake. Bendera yangu ya sufi nyekundu ikawa nyeusi tii, anga likawa jeupe pe. Hapo ndo ikafanana na picha za kale. Kumbe nilichokuwa naiga ni kamera tu, yaani si Unguja.

Na Unguja yenyewe ina utani wake kwenye hili. Televisheni yake ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ya rangi tangu siku ya kwanza. Bara walisubiri televisheni yao mpaka 1994.

Kwa nini nakusumbua na haya? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafariki. Wengi wetu tuliozaliwa huku tutaijua kwa picha tu, na picha zimeshaamua bendera ilikuwa nyeusi. Ila bendera ile nyekundu ilipepea hadi Desemba 1963, kwa hiyo wapo mababu na mabibi walioiona kwa macho yao.

Kama unaye mmoja, mpigie wiki hii. Muulize bendera, milango, kanga za dukani, vilikuwa rangi gani. Mrekodi, akikubali, halafu tutumie. Mimi nimeshairudisha rangi kwenye gemu, na kuta bado zinasubiri.