Kabla Hujasema Bhajia Si Chakula Chetu

Kuna msemo nausikia sana hapa kwetu, kuanzia Kericho mpaka Bomet. Mtu akiona bhajia zinakaangwa steji anasema, "Hicho ni chakula cha Wahindi, chetu ni kimyet na mursik." Sawa, mursik hata mimi siachi. Lakini hebu tuulizane: hiyo chai ya maziwa iliyo mkononi mwako, ulidhani ilimea hapa tangu enzi za mababu?

Kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920. Zote mbili zilikuwa tayari zinafanya biashara ya chai kule Calcutta, mji mkubwa wa Bengal, na sehemu kubwa ya miche yetu ina asili ya Assam, jirani ya Bengal. Huko Bengal, chai ya jioni haiendi bila vitu vya kukaanga. Wanaviita telebhaja, maana yake vilivyokaangwa kwa mafuta. Sikiza hilo neno vizuri: bhaja. Ni ndugu wa bhajia yetu. Samosa nao wanaiita singara, na ya kwao mara nyingi hujazwa viazi.

Lakini si Wabengali waliotuletea bhajia. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na ilipita huku kwetu Londiani na Lumbwa, stesheni ambayo leo tunaiita Kipkelion. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara, hasa Wagujarati, wakafungua maduka kwenye vituo vidogo vidogo: chumvi, sukari, blanketi, mafuta ya taa.

Kwa nini maduka na si mashamba? Hapa ndipo watu wengi hupaita haraka. Serikali ya mkoloni iliwatengea Wazungu ardhi ya nyanda za juu. Mhindi hata akiwa na pesa zake hakuruhusiwa kulima huko, kwa hivyo alibaki mjini nyuma ya kaunta. Na Mkipsigis? Yeye alinyang'anywa ardhi yenyewe. Mwaka 1934 ukoo mzima wa Talai ulitolewa kwa lazima kwa sheria maalum, ukapelekwa Gwassi, kule karibu na ziwa. Madai ya ardhi hizo bado yako hai mpaka leo.

Siwezi kukudanganya kwamba mateso yalikuwa sawa. Aliyepoteza shamba la baba yake na aliyekatazwa kununua shamba si kitu kimoja, na kaunta nayo ilikuwa na mdharau na mdharauliwa wake. Lakini aliyechora mpaka ni mmoja, na hawa wawili wakakutana dukani.

Nenda kaone gurdwara ya Kericho, mojawapo ya kubwa zaidi Afrika. Inamkumbuka Baba Puran Singh, fundi aliyeishi hapa miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi, unalishwa. Hakuna anayekuuliza kabila wala dini, na bili haiji. Hiyo imani waliyoiishi Kericho imeenda mpaka Birmingham. Tunajua majina ya kampuni za chai, lakini hilo hatufundishwi shule.

Baada ya uhuru, sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wasio raia, na Wahindi wengi wakaondoka nchini. Maduka mengi yakabadilisha mikono. Bhajia haikuondoka. Leo anayeikaanga ni mama wa hapa hapa: viazi vya Bomet, unga wa dengu, dania, pilipili, karai la mafuta moto. Kijana wa boda anakula mbili na chai, anarudi kazini. Hiyo si ya kuazima tena, bana. Imeshazaliwa hapa.

Mwaka 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wengine walicheka. Mimi naona ilichelewa. Siasa zikichacha, huku kwetu tunajua neno "wageni" limewahi kufanya nini, na limechoma nyumba za nani. Mtu anayeanza kwa kuchambua sahani, kesho atachambua majirani.

Kwa hivyo wikendi hii muulize kogo wako alionja samosa mara ya kwanza wapi, na ni nani aliyemuuzia. Muulize sasa, akiwa bado anakumbuka.