Kariakoo: Mtaa Uliojengwa kwa Michango

Wana-Kariakoo wenzetu, mlioko mjini, Mbagala, Chanika na ng'ambo,

Jina la mtaa wetu ni la wapagazi. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipima mitaa hii iliyonyooka na kuanza jengo la soko, vita vya 1914 vikazuka. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1923.

Mkoloni aliugawa mji kwa rangi. Uzunguni na Uhindini vilikuwa kule, Waafrika huku, na uwanja wa Mnazi Mmoja katikati. Huku walikutana Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao na wengineo. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, korido katikati na ua mmoja wa kupikia. Wapangaji waliotoka mbali wakazikana, wakaozana, wakawa ndugu.

Ndugu hao walijua kuchangishana. African Association ilianzishwa mwaka 1929, Kleist Sykes akiwa katibu wake. Wanachama walijenga ofisi yao wenyewe, kwa fedha na jasho lao, New Street, leo Mtaa wa Lumumba. Humo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwanawe Kleist, Abdulwahid, mmoja wa waasisi wa TANU, alikuwa msimamizi wa soko letu la Kariakoo.

Soko jipya lenye shimoni, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2021 likaungua. Novemba 2024 ghorofa likaporomoka mtaani kwetu na kuua watu wengi.

Leo nyumba za urithi zinauzwa moja baada ya nyingine na kugeuka maduka. Hatumlaumu anayeuza, nyumba ya warithi kumi ina mengi. Lakini nyumba ikiondoka, huondoka na picha za ukutani, hati za sandukuni na kumbukumbu za bibi aliyekaa barazani miaka sitini. Wazee hao wapo wachache, na baadhi yao wamebaki peke yao.

Ofisi ya New Street haikusubiri mfadhili. Nasi tusisubiri. Toa ulichojaaliwa, na ukija, njoo na picha ya nyumba yenu. Mcheza kwao hutunzwa.