Kipenga Kilifika Baada ya Mpira

Ukipita Lokichar saa saba mchana, kwenye ile barabara ya Kitale kwenda Lodwar, hutaona mtu akitembea bila sababu. Mbuzi wamejibanza chini ya migunga, nduthi zimeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta wa duka, na hata anayeuza maji amevuta kiti ndani. Jua la Turkana halina mzaha. Lodwar, zaidi ya kilomita 80 kaskazini, ni mojawapo ya miji yenye joto kali zaidi Kenya. Nyuzi 35 huko ni mchana wa kawaida. Lakini msimu wa michezo ya shule za upili ukifika, ratiba haimuulizi mtu habari za jua. Timu zimekuja kwa lori, siku ni moja, uwanja ni mmoja. Mechi ya saa saba itachezwa saa saba.

Katikati ya uwanja wa namna hiyo husimama mwalimu. Pengine anafundisha kemia, pengine Kiswahili na dini. Amepewa kipenga kwa sababu ni kijana, au kwa sababu aliwahi kucheza chuoni, au kwa sababu hakuwa kwenye mkutano siku ambayo kazi ziligawanywa. Yeye ni kocha, ni refa wa mechi inayofuata, ni daktari, na jioni ndiye atakayehesabu vichwa kwenye lori. Swali langu ni rahisi: nani alimfundisha?

Tuanze na sheria zenyewe. Wengi wetu tunazichukulia kama kitu kilichoshuka kutoka juu, kazi yake kuharibu raha. Kumbe nyingi ziliandikwa baada ya mtu kuumia.

Mwaka 1905 nchini Marekani, magazeti yalihesabu vijana 18 waliokufa katika msimu mmoja wa kandanda ya Kimarekani. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vikubwa, na mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa: pasi ya kurusha mpira mbele ikaruhusiwa ili wachezaji watawanyike uwanjani badala ya kurundikana na kupondana. Mwaka 1912, kwenye Olimpiki ya Stockholm, seremala Mreno aitwaye Francisco Lázaro alikimbia marathoni siku ya jua kali akiwa amejipaka mafuta mwilini. Jasho halikupata pa kutokea. Alianguka njiani, na kesho yake akafariki. Zikapita zaidi ya miaka 100 ndipo, Brazil mwaka 2014, marefa wa Kombe la Dunia wakaanza kusimamisha mechi kwenye joto kali ili wachezaji wapoe na kunywa maji. Miaka mia moja, ili mtu aruhusiwe kunywa maji!

Hata kadi zina hadithi. Kombe la Dunia la 1962, Chile na Italia walipigana mateke na ngumi mbele ya refa Mwingereza, Ken Aston. Miaka minne baadaye, Wembley, nahodha wa Argentina alikataa kutoka uwanjani; refa alikuwa Mjerumani, na hawakuelewana lugha. Aston, ambaye wakati huo alisimamia marefa wa mashindano hayo, alirudi nyumbani akiwaza. Taa za barabarani ndizo zilimpa jibu: manjano, punguza mwendo, nyekundu, simama. Kadi zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970. Sasa fikiria uwanja wa Kakuma, ambako mchezaji mmoja anaongea Kiturkana, mwingine Kidinka, mwingine Kisomali, mwingine Kinuer. Kadi haihitaji mkalimani. Na usisahau kwamba Ken Aston, kazi yake ya kila siku, alikuwa mwalimu wa shule.

Basi sheria zilikuwepo duniani. Swali ni zilifikaje kaskazini mwa Kenya, na nani alizibeba.

Wakati wa ukoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Serikali iliiona kama mahali pa kulinda mpaka na kumtupia mfungwa: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar kukaa chini ya ulinzi. Kwingineko nchini mambo yalikuwa yanasonga. Afisa wa michezo wa koloni, Archie Evans, alikuwa akizunguka wilayani kupanga mashindano. Mwaka 1951 chama cha riadha cha Kenya kikaundwa. Mwaka 1954 Kenya ikapeleka timu Vancouver kwenye michezo ya nchi za himaya ya Uingereza, na 1956 Olimpiki ya Melbourne. Mwingereza mwingine, John Velzian, alikuja kufundisha katika chuo cha walimu cha Kagumo, na alikuwa miongoni mwa waliowanoa wanariadha wa miaka ya 1960. Tazama vizuri kilichofanyika hapo: mtu aliyejua riadha aliwekwa pale wanapofundishwa walimu. Ukimfundisha mwalimu mmoja, umefundisha kila shule atakayopelekwa.

Turkana ilikosa hiyo. Milango ilianza kufunguka wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, wamisionari waliporuhusiwa kuingia na chakula, na baadaye zahanati na shule. Shule zikaja na mpira. Mpira ni rahisi kusafirisha: unautoa pumzi, unautia kwenye begi. Mtu wa kufundisha namna ya kuusimamia hakupatikana kirahisi hivyo.

Ukitaka kuona tofauti hiyo, chukua siku chache za Olimpiki ya Seoul, 1988. Kenya ilipata dhahabu tano. Nitazungumzia tatu.

Ya kwanza ni ya Paul Ereng, Mturkana aliyezaliwa upande wa Trans Nzoia. Alisoma Starehe, Nairobi, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Virginia kama mkimbiaji wa mita 400. Huko kocha wake, Fred Hardy, akamhamishia mita 800. Mwaka uleule akawa bingwa wa Olimpiki kwa dakika 1:43.45, akiwapita Joaquim Cruz wa Brazil na Said Aouita wa Moroko. Miguu ilikuwa yake tangu zamani. Ila mtu wa kumwambia mbio zako ni zipi alipatikana ng'ambo ya bahari.

Ya pili ni ya Peter Rono, mita 1500, zao la shule ya St Patrick's, Iten. Kocha aliyemlea ni Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyekuja mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa na historia yoyote ya riadha. Alijifunza kwa kutazama, kuuliza na kukaa: kukaa miaka, mpaka akaja kumlea David Rudisha. Tunapenda hadithi ya Bruda Colm, na inastahili kupendwa. Lakini wakati mwingine tunaitumia vibaya. Tunasema, si unaona, mwalimu wa jiografia aliweza, mafunzo ya nini? Tunasahau kwamba alipewa muda na shule iliyokuwa tayari na desturi ya kukimbia. Mwalimu anayehamishwa kila baada ya miaka michache hana nafasi ya kujifunza kwa makosa, kwa sababu makosa yenyewe hufanyika kwenye miili ya watoto.

Ya tatu ni ya Robert Wangila, ndondi, dhahabu ya pekee ya Kenya katika mchezo huo mpaka leo. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake. Wangila alitoka ulingoni. Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo, lakini hakuamka tena.

Hiyo ya Wangila huwa inanirudisha kwenye jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, tulienda kupiga mpira wa kona na mwenzetu akagongana kichwa na beki. Alilala chini labda nusu dakika. Mwalimu alikuja na chupa, akammwagia maji shingoni, akamwambia, "Amka bwana, wewe ni mwanaume." Akaamka. Tulimpigia makofi. Kipindi cha pili aliniuliza mara mbili tunashambulia goli gani, nami nikacheka, nikamwonyesha. Jioni kwenye basi alitapika. Alipona, tunashukuru Mungu. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alitupenda, alitununulia mandazi kwa pesa zake. Alifanya tu kile alichofanyiwa alipokuwa mchezaji. Miaka mingi baadaye ndipo nilisoma kwamba kusahau unashambulia goli gani ni mojawapo ya dalili za mtikisiko wa ubongo, na kwamba mchezaji akishukiwa tu, anatolewa na harudi siku hiyo. Halina hata hesabu. Ni jambo la kufundishwa mchana mmoja.

Turudi kaskazini. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, na vijana wengi mno wakajikuta mahali pamoja bila la kufanya. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, MYSA, lile shirika la michezo la vijana lililozaliwa Mathare mwaka 1987, lilikuwa limesaidia kuanzisha mradi wa michezo kambini. Wazo la MYSA lilikuwa la kimtaa kabisa: usingoje refa atoke mjini, mfundishe kijana wa hapohapo apulize kipenga na aheshimiwe.

Halafu ikaja Rio 2016. Watano kati ya wanariadha 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki walikuwa wametokea Kakuma, wakachaguliwa na kufunzwa Ngong na wakfu wa Tegla Loroupe. Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu, alianza kwa sababu mwalimu wake shuleni alimwambia ajaribu mbio za kilomita 10. Alikimbia pekupeku, akawa wa pili. Sentensi moja ya mwalimu! Lakini sikiliza upande wa pili. James Nyang Chiengjiek amesimulia jinsi walivyokuwa wakiazimana viatu, na jinsi viatu visivyowatosha vilivyowaumiza. Tuliona ushindi, tukaandika habari za ndoto. Majeraha ya miguuni hayakupata kichwa cha habari.

Hapo ndipo naliona tatizo letu la siku zote. Kenya tumejifunza kutafuta kipaji, hata kwenye vumbi la Kakuma. Anayekilinda kipaji kisivunjike kabla ya kidato cha nne tumemwachia bahati yake. Kwenye karatasi tumejitahidi: Sheria ya Michezo ya 2013 ilianzisha Chuo cha Michezo cha Kenya, na miongoni mwa kazi zake ni kozi za makocha na wasimamizi. Tangu Januari 2026, mwanafunzi wa gredi ya 10 anaweza kuchagua mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Vizuri. Ila kutoka Nairobi hadi Lokichar ni mbali, na karatasi husafiri polepole kuliko mpira.

Na mambo yenyewe anayohitaji kujua mwalimu wa Lokichar si mengi. Uwanja ukaguliwe kabla ya mechi, kwa sababu mathenge, mti ulioletwa nchini kuzuia jangwa, una miba inayopenya akala, sembuse mguu mtupu. Goli la chuma lisilochimbiwa chini ni mtego: lishikwe na ardhi, na mtoto asiruhusiwe kuning'inia. Anayetupa mkuki asitupe mpaka wa mwisho atoke mbele. Kichwa kikigongwa, mchezaji akae. Na joto: mchezaji akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka, mwili ukiwaka, usimtupe nyuma ya Probox kukimbilia hospitali ya rufaa ya Lodwar. Kanuni ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Kivuli, maji ya mtungi mwili mzima, shuka lililoloweshwa, mtu wa kupepea, na simu inapigwa wakati huohuo. Zile kilomita 80 na ushei zinaweza kumuua mtu ambaye madumu mawili ya maji yangemwokoa.

La muhimu kuliko yote, mwalimu huyo anahitaji ruhusa ya kusema hapana: kumwambia mwalimu mkuu, na mwenyekiti wa mashindano, na mzazi aliyekuja kutazama, kwamba mechi ya saa saba itachezwa saa kumi. Kijana wa miaka 26 aliyeajiriwa juzi hawezi kuyasema hayo kwa sauti yake peke yake. Anahitaji kuwa na mafunzo nyuma yake, na cheti mfukoni, ili akipuliza kipenga ijulikane si woga wake unaoongea.

Tukiandika historia ya michezo, huwa tunaanzia kwenye utepe wa mwisho na kurudi nyuma. Tunamkuta bingwa, kocha wake, shule yake. Mwalimu aliyesogeza mechi kwa saa tatu huwa hatumkuti popote. Siku yake haina habari. Timu zilicheza jua likiwa limelegea, mmoja akashinda kwa penalti, watoto wakapanda lori, vichwa vikahesabiwa, vikatimia.