Moshi, mvua na milima ya Upare

Leo tuweke pembeni habari za testi na boom, niwape historia kidogo ya Upare.

Kila ifikapo mwezi wa tisa, ukiwa Same mjini utaona moshi mlimani. Watu wanasafisha mashamba kusubiri vuli. Wazee wanasema moshi ule unafukuza mvua, na sisi vijana tunacheka. Je, tuna haki ya kucheka?

Tuanze na wazee wenyewe. Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, alionyesha kwamba mvua na utawala vilikwenda pamoja. Wambaga wa Upare Kusini walisifika kwa uganga wa mvua. Koo zilikuwa na misitu ya matambiko, marufuku kukata wala kuchoma. Maji ya mlimani yalikusanywa kwenye ndiva, yakashushwa kwa mifereji hadi mashambani. Kwa hiyo kuchoma msitu ilikuwa ishu ya chakula cha kijiji kizima.

Sasa sayansi. Tone moja la mvua ni vitone vya wingu kama milioni moja vilivyoungana, na kila kitone huanzia kwenye chembe ndogo angani. Moshi ukileta chembe nyingi mno, maji yaleyale yanagawanywa kwa wengi, vitone vinabaki vidogo na haviungani upesi. Ni kama sufuria moja ya wali kwa watu mia, hakuna anayeshiba! Mwaka 1999 Daniel Rosenfeld alitumia setilaiti kuonyesha jinsi moshi wa misitu ya tropiki unavyozuia mawingu kunyesha. Tena masizi hunyonya joto la jua, hewa ya juu inapata joto, na mawingu yanashindwa kupanda vizuri.

Ila tusikimbilie kuhitimisha jamani. Same mjini ni pakavu hata pasipo moshi, kwa sababu milima inakamata unyevu wa Bahari ya Hindi kabla haujafika. Na moto mwingi huwaka kiangazi, mawingu ya mvua yakiwa hayapo. Moshi wa shamba la bibi mmoja haufuti masika. Wa kuogopa ni moshi wa eneo kubwa unaokutana na mawingu ya kwanza ya vuli.

La kuogopa zaidi ni msitu wenyewe kuungua. Kwa jirani zetu Kilimanjaro, Andreas Hemp alieleza mwaka 2005 kwamba moto umekula misitu ya juu inayonasa maji ya ukungu. Oktoba 2020 mlima ukawaka tena, zikaungua kama kilomita za mraba 95. Kwetu kazi hiyo ya kunasa ukungu inafanywa na msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Ukiungua ule, ndiva zitajazwa na nini?

Kwa hiyo wazee hawakukosea kuunganisha moto na mvua, ila njia yake ni ndefu kuliko walivyosema. Mimi nasomea ualimu. Mwanafunzi akiniambia babu yake kasema moshi unafukuza mvua, sitampiga mkasi. Nitamuuliza: moshi wa wapi, mwezi gani, na ulioungua ni msitu au majani?

Naomba kuwasilisha.